Warcraft II kwa anayeanza: mwongozo kamili, kuanzia kibarua wa kwanza hadi jengo la mwisho la adui

Warcraft II: Tides of Darkness ilitolewa na Blizzard Entertainment Desemba 1995, enzi za MS-DOS, na hadi leo ni moja ya michezo ya mkakati inayomfundisha mtu vizuri zaidi namna ya kujenga, kupanga na kupigana kwa wakati mmoja. Hakuna zamu humu. Wewe ukikata miti, adui naye anakata; ukisita, yeye hasiti.

Wengi wanaoshindwa hudhani wameshindwa vitani. Mara nyingi si kweli. Walishindwa dakika ya tatu, pale vibarua wao walipokuwa wakitembea mwendo mrefu kutoka mgodini, au dhahabu 2000 zilipokuwa zimelala tu juu ya skrini bila kazi. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unarudi kwenye mambo hayo mawili: umbali wa kutembea, na mali iliyokaa bure.

Toleo gani ucheze

Toleo la kwanza ni la DOS, na nyongeza yake, Beyond the Dark Portal, ilifuata mwaka 1996. Mwaka 1999 likaja toleo la Battle.net, lililoutoa mchezo kwenye DOS na kuuleta Windows. Mwaka 2019 toleo hilo liliwekwa kwenye duka la mtandaoni la GOG likiwa limerekebishwa lifanye kazi kwenye kompyuta za kisasa, na tarehe 13 Novemba 2024 Blizzard wakatoa Warcraft II: Remastered, ambamo unaweza kubadilisha kati ya picha mpya na zile za zamani.

Mwenye diski ya DOS atahitaji DOSBox, programu inayoiga DOS kwenye kompyuta za leo. Mwenye mafaili halali ya mchezo na anatumia Linux anaweza kujaribu Wargus, injini huria inayosoma mafaili hayohayo. Kwa mtu asiye na chochote, Remastered ndiyo njia fupi. Mchezo wenyewe kwa asili ulitengenezewa kompyuta za 486 zenye RAM ya megabaiti 8, kwa hiyo matoleo ya zamani hayaisumbui kompyuta yoyote ya ofisini.

Kabla hujaanza, bonyeza F10, ingia kwenye mipangilio ya kasi, na upunguze kasi ya mchezo. Hakuna aibu yoyote. Kasi ipandishe vidole vikishazoea.

Vitufe vya kuzoea kwanza

Anayecheza kwa kipanya peke yake atachelewa kila mara. Vichache hivi vinatosha kwa kuanzia. A ni kushambulia, na ukibonyeza A kisha ukabofya ardhi tupu, askari wataelekea huko wakipigana na kila watakayekutana naye njiani. Ukiwaamuru kutembea tu, watapita wakichapwa mgongoni bila kujibu. S ni kusimama. T ni kushikilia nafasi bila kumfukuza mtu, nayo ni amri ya wapiga mishale walio nyuma ya ukuta. P ni doria. Kwa kibarua, B hufungua majengo ya msingi, V majengo ya juu, R ni kukarabati na H ni kuchimba au kukata miti.

Kundi moja haliwezi kuzidi askari 9 katika mchezo wa asili. Wachague, bonyeza Ctrl na namba, na baadaye namba hiyo pekee itawarudisha mkononi mwako. Panga makundi kwa kazi zake: wapiganaji wa mbele kundi la kwanza, wapiga mishale la pili, mashine za kubomoa la tatu. Kundi la mchanganyiko ni usumbufu, kwa sababu wenye mbio hufika kwanza na kufa kwanza.

Hatua ya kwanza: vibarua, na vibarua tena

Kibarua hugharimu dhahabu 400. Kila safari ya mgodini huleta dhahabu 100. Safari nne tu, amerudisha gharama yake. Kuanzia ya tano ni faida mpaka mgodi uishe. Hakuna kitu kingine kwenye mchezo kinachorudisha fedha upesi hivyo, na ndiyo maana ukumbi wa mji haupaswi kukaa bila kutoa kibarua katika dakika za mwanzo.

Shida ni kwamba mchezo wa asili hauna foleni ya uzalishaji. Ukumbi hutengeneza mtu mmoja, kisha hunyamaza na kukungoja. Kwa hiyo jizoeze mzunguko: toa amri kwenye ukumbi, nenda kasimamie ujenzi, rudi ukumbini, mpe kibarua mpya kazi yake, agiza mwingine. Ukizoea mzunguko huu tayari umewapita wachezaji wengi wanaoanza.

Kwa mgodi mmoja ulio karibu, mimi huweka vibarua sita hadi wanane kwenye dhahabu, kisha watatu au wanne kwenye miti, halafu naongeza wa miti kadiri majengo yanavyozidi. Ukiona vibarua wamejazana mlangoni mwa mgodi, wanaofuata wapeleke msituni.

Chakula nacho kina hesabu yake. Ukumbi hulisha mtu 1 tu, na shamba moja hulisha 4 kwa dhahabu 500 na mbao 250. Shamba lijengwe kabla ya kufika kikomo. Ukingoja mpaka mchezo ukwambie chakula kimekwisha, kambi yako imeshasimama bure muda wote wa ujenzi. Mashamba yana kazi ya pili pia: shamba lina uhai wa 400, ukubwa wake ni mdogo, na ukiyapanga mstari kwenye mwanya wa kuingilia mjini yanageuka ukuta. Adui atapoteza muda kuyabomoa huku wapiga mishale wako wakimshughulikia kutoka nyuma.

Mahali pa kuweka kila jengo

Mchezo haukuruhusu kujenga ukumbi umegusana na mgodi. Lazima uache nafasi kidogo. Basi ukijenga ukumbi wa pili, uweke kwenye mstari wa karibu kabisa unaoruhusiwa, na usiweke shamba wala mnara kwenye njia ya vibarua. Vibarua wa mchezo huu hawana akili ya kupishana. Jengo moja lililowekwa vibaya huwafanya wazunguke, na hasara hiyo utailipa kila safari hadi mwisho.

Miti ndiyo inayowaponza wengi. Kila mzigo ni mbao 100, na mti ukishakatwa unatoweka, kwa hiyo msitu unazidi kurudi nyuma na safari inarefuka bila wewe kuona. Kiwanda cha mbao, kwa dhahabu 600 na mbao 450, hutatua mambo mawili kwa pamoja: hupokea mbao, na kila mzigo unahesabiwa 125 badala ya 100. Kijenge ukingoni mwa msitu, si katikati ya mji.

Kuna jambo jingine kuhusu miti ambalo ramani haikwambii. Msitu ni ukuta. Askari hapenyi, wala mashine haibomoi mti. Ila vibarua wako wakikata upande ulioelekea kwa adui, ipo siku wataangusha mti wa mwisho na mlango utafunguka pembeni mwa mji wako, mahali ambapo huna hata mlinzi mmoja. Waelekeze wakate upande wa ndani. Na ukitaka kumvizia adui, fanya kinyume: peleka vibarua wawili wakakate njia nyuma ya mji wake.

Hatua ya pili: kambi, karakana na ngome

Kambi ya askari hugharimu dhahabu 700 na mbao 450. Ijenge ukishakuwa na vibarua wa kutosha kwenye dhahabu, kisha toa askari wa miguu wawili watatu wa ulinzi. Kila mmoja ni dhahabu 600, uhai 60. Usijaze jeshi mapema. Mtu aliyetumia dhahabu 3600 kwa askari sita wakati mpinzani wake anaongeza vibarua tisa kwa fedha hiyohiyo amejifunga mwenyewe, isipokuwa kama anawapeleka kushambulia dakika ileile.

Karakana ya mhunzi hufuata: dhahabu 800, mbao 450, mafuta 100. Kisha unaupandisha ukumbi uwe ngome, inayoitwa Keep kwa binadamu na Stronghold kwa Maorki, ambao ndio upande wa pili wa mchezo, kwa dhahabu 2000, mbao 1000 na mafuta 200. Ngome inaongeza thamani ya kila mzigo wa dhahabu kutoka 100 hadi 110. Hatua ya tatu, Castle au Fortress, ni dhahabu 2500, mbao 1200 na mafuta 500, na mzigo unafika 120. Kuifikia lazima uwe na kiwanda cha mbao, karakana, na zizi la farasi, au kilima cha mazimwi kwa upande wa Maorki; mazimwi (ogre) ni askari wao wanaolingana na wapanda farasi.

Sasa jumlisha mafuta: 100, 200 na 500 ni 800. Kwenye ramani isiyo na bahari, mafuta uliyoanza nayo ndiyo uliyonayo. Usiyaguse kwa kitu kingine chochote hadi hatua ya tatu ikamilike.

Hesabu ya pigo, na kwa nini ngao ni muhimu

Hapa ndipo penye utamu, na wachezaji wengi hawajawahi kupatazama. Kila askari ana nguvu za aina mbili: ya kawaida na ya kupenya. Mchezo unachukua nguvu ya kawaida, unatoa kinga ya anayepigwa, kisha unajumlisha nguvu ya kupenya. Jibu hilo ni pigo la juu kabisa. Pigo halisi huangukia popote kati ya nusu yake na lote.

Chukua askari wa miguu dhidi ya mwenzake. Nguvu ya kawaida 6, ya kupenya 3, kinga 2. Sita toa mbili ni nne, ongeza tatu, pigo la juu ni 7. Mwenye uhai 60 ataanguka baada ya mapigo 9 hadi 15 hivi.

Sasa mpe huyo anayepigwa ngao zote mbili kutoka kwa mhunzi. Kila ngao huongeza kinga 2, kwa hiyo kinga inafika 6. Sita toa sita ni sifuri. Inabaki ile nguvu ya kupenya peke yake: 3. Askari yuleyule sasa anahitaji kupigwa mara 20 au zaidi. Hukuongeza mtu hata mmoja, lakini jeshi lako limekuwa kama mara mbili ya lilivyokuwa, na kila askari utakayemtoa baadaye atazaliwa nazo.

Ila ngao hiyohiyo haimtishi mpiga mishale. Yeye nguvu yake ya kawaida ni 3 na ya kupenya ni 6. Dhidi ya kinga 2 anapiga 7. Dhidi ya kinga 6 bado anapiga 6. Kwa maneno mengine, ukiona adui amewekeza kwenye ngao, ongeza wapiga mishale, dhahabu 500 na mbao 50 kila mmoja. Ukiona adui ana wapiga mishale wengi, ngao zisubiri. Tafuta wapanda farasi au mazimwi wa kuwafikia haraka. Hao ni dhahabu 800 na mbao 100, uhai 90, kinga 4, na ndio uti wa mgongo wa jeshi lolote la katikati ya mchezo.

Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza kwa mhunzi ni ngao ya kwanza, kisha silaha ya kwanza, kisha ngao ya pili. Silaha huongeza nguvu ya kupenya, ambayo kinga haiigusi kabisa, na hiyo ndiyo dawa ya adui mwenye ngao kamili.

Bahari

Ramani zenye bahari huamuliwa na mafuta, na mafuta yana sheria ileile ya umbali. Meli ya mafuta hujenga kisima juu ya doa la mafuta na kusafirisha hadi kwenye gati. Jenga gati karibu iwezekanavyo na doa hilo. Kiwanda cha kusafishia kinapandisha mzigo kutoka 100 hadi 125, nacho pia hupokea mafuta, hivyo ni kituo cha pili cha kupunguza safari.

Anza na manowari ndogo, ambazo hupiga pia vitu vya angani. Manowari kubwa, yenye gharama ya dhahabu 1000, mbao 500 na mafuta 1000, ina mzinga wa kutisha lakini haiwezi kumgusa joka linaloruka juu yake. Zitembee pamoja. Nyambizi hazionekani na meli za kawaida. Mtambo wa kuruka wa binadamu au puto la Maorki ndilo jicho lako, kwa hiyo moja liambatane na kundi la meli daima.

Kuvusha jeshi kuna utaratibu. Meli ya uchukuzi hubeba sita na haina silaha. Kwanza safisha maji, pili tumia manowari kubwa kubomoa minara ya pwani, tatu ndipo uchukuzi uondoke, tena meli mbili au tatu kwa mpigo. Askari sita wakishuka peke yao pwani ya adui ni zawadi kwake.

Uchawi, na tofauti ya pande mbili

Hadi hatua ya pili, binadamu na Maorki ni karibu sawa kabisa. Tofauti ya kweli huanza kwenye hatua ya tatu.

Maorki huwageuza mazimwi wao kuwa wachawi na kuwafundisha Bloodlust, kwa nguvu ya uchawi 50 kila mara. Zimwi lililotiwa uchu huu hupiga kwa ukali usio na mfano, na kundi la tisa likiwa limejitia lote, mji wa kawaida unasambaratika kabla hujamaliza kuita msaada. Hii ndiyo sababu wachezaji wa mtandaoni kwa miaka mingi wamewapendelea Maorki. Usisubiri ufike vitani ndipo uanze kubofya. Jitie karibu na mlango, kisha A na uingie.

Binadamu hana pigo jepesi hivyo, lakini ana njia nyingi zaidi. Mchawi wake hugeuza zimwi lililopandwa na uchu kuwa kondoo kwa nguvu 200, hupunguza mwendo wa adui kwa 50, na hunyesha Blizzard, dhoruba ya barafu, juu ya kundi au mji kwa 25 kila wimbi. Wachawi watatu wanaoinyesha Blizzard juu ya vibarua wa adui mgodini humaliza mchezo bila askari mmoja kufa, kwa sababu jeshi bila vibarua halijazwi upya. Paladini, yaani mpanda farasi aliyepandishwa daraja, naye huponya wenzake. Baada ya kila vita warudishe nyuma, waponywe, kisha endelea. Wengi huwaacha majeruhi wafe ilhali tiba ipo.

Hatua ya mwisho: kuubomoa mji

Minara ndiyo inayosumbua. Mnara wa mishale hufika umbali wa 6, wa mzinga 7. Mashine ya kubomoa, ballista kwa binadamu na katapulti kwa Maorki, hufika 8. Tofauti ya hatua moja au mbili ndiyo ushindi wako: mashine ikikaa kwenye umbali wake, mnara hauna la kufanya.

Fuata mpangilio huu. Sogeza wapiganaji wa mbele hadi nje kidogo ya upeo wa mnara na uwasimamishe kwa T. Leta mashine mbili au tatu nyuma yao na uzielekeze kwenye mnara mmoja. Adui atatuma askari kuzizima mashine, na hao wanakutana na kundi lako lililokwisha jipanga. Mnara ukianguka, sogea wa pili. Usiache mashine zijichagulie shabaha kwenye msongamano, kwa maana kombora lake hutua pale adui alipokuwa na huwaumiza hata watu wako waliopo hapo.

Ukishaingia ndani, vunja kwa utaratibu huu: vibarua kwanza, kambi pili, ukumbi tatu. Mashamba achana nayo hadi mwisho, hayapigani.

Kwenye kampeni kila upande una kazi 14. Ya kwanza inakutaka ujenge mashamba manne na kambi tu, basi itumie kuzoea vitufe. Zile ambazo hupewi mji, bali kikosi kidogo cha kusindikiza mtu, zinataka subira: mchokoze mlinzi mmoja kwa mpiga mishale, mvute aje kwenye kundi lako, kisha rudia. Hifadhi mchezo baada ya kila mpambano.

Katika mapambano ya kawaida nje ya kampeni, ushindi hautangazwi mpaka kila kitu cha adui kiishe, na mara nyingi kibarua wake mmoja amekimbilia kona ya mbali ya ramani na anajenga shamba huko. Tengeneza mtambo wa kuruka, dhahabu 500 na mbao 100, uzungushe kingo za ramani huku wapanda farasi wawili wakiufuata kwa chini.